Mdundo wa Burundi uliovuka mipaka bila cheti

MFANYABIASHARA yeyote anayevusha mzigo kati ya Kabanga, upande wa Tanzania, na Kobero, upande wa Burundi, anajua swali la kwanza atakalokutana nalo dirishani: bidhaa hii imetoka wapi? Kama mzigo ni mdogo, thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, na bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa, atapewa cheti rahisi cha uasili hapo hapo mpakani na hatadaiwa ushuru wa forodha, kwa kuwa mali imezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Ipo bidhaa moja ya Burundi ambayo haikupitia dirisha lolote. Ilifika Paris, ikaenda London, ikauzwa New York na Sydney, ikawaingizia watu pesa nyingi, na hakuna aliyeombwa cheti. Bidhaa hiyo ni mdundo wa ngoma za mwami. Na bendi iliyouuza kuliko nyingine zote ni Adam and the Ants, vijana wa London waliotikisa Uingereza kati ya 1980 na 1982.

Wasomaji wetu wa umri wa kati huenda wanakumbuka sura kuliko nyimbo: kijana mwembamba mwenye mstari mweupe uliopigwa kuvuka pua, koti la askari wa farasi lenye mikufu ya dhahabu kifuani, na nyuma yake wapiga ngoma wawili badala ya mmoja. Hao wawili ndio habari yenyewe.

Adam Sisimizi

Jina lake halisi ni Stuart Leslie Goddard, mzaliwa wa London, 3 Novemba 1954. Alisoma chuo cha sanaa cha Hornsey na alikuwa akipiga gitaa la besi katika bendi iitwayo Bazooka Joe. Usiku wa 6 Novemba 1975 bendi hiyo ilikuwa na onyesho katika chuo cha Saint Martin's, na waliotangulia kupanda jukwaani walikuwa vijana wasiojulikana wakifanya onyesho lao la kwanza kabisa. Waliitwa Sex Pistols. Goddard aliwatazama, kisha akaiacha bendi yake.

Mwaka 1977 alianzisha kundi lake na kujiita Adam Ant. Tukilitafsiri jina hilo ni Adam Sisimizi, na wenzake wote wakawa Sisimizi. Ilikuwa enzi ya panki: magitaa yenye kelele, nyimbo fupi, hasira nyingi. Punde wakajitokeza wengine waliobaki na ari ya panki lakini wakaichanganya na rege, disko, kinanda cha umeme, mavazi na filamu fupi za kutangazia nyimbo. Roki hiyo ndiyo iliyoitwa wimbi jipya, na Adam alikuwa mmoja wa watu wake.

Albamu ya kwanza, Dirk Wears White Sox, ilitoka mwishoni mwa 1979 chini ya kampuni ndogo ya Do It Records. Ni kazi kavu, yenye kona kona, ya msanii anayetaka kuonekana ana akili kuliko anavyotaka watu wacheze. Januari 1980 ilipoanzishwa chati ya albamu za kampuni huru za Uingereza, ndiyo iliyoshika namba moja. Ilikuwa heshima, ila heshima ya gulio dogo. Magazeti makubwa ya muziki yalimdhihaki, redio hazikumpigia, na pesa haikuwapo.

Hapo ndipo Adam alipomfuata wakala.

Pauni 1,000

Malcolm McLaren alikuwa ndiye aliyeisimamia Sex Pistols, na sifa yake ilikuwa kwamba anaweza kuuza chochote. Adam alimlipa pauni 1,000 ili amshauri namna ya kuifufua bendi. McLaren alimpa darasa: jinsi wimbo unavyojengwa, jinsi ya kuvaa, nani wa kusikiliza. Alimpa pia mkusanyiko wa muziki wa kwenda kuusoma nyumbani, na ndani yake mlikuwamo wimbo uitwao Burundi Black.

Wiki chache baadaye, Januari 1980, McLaren aliwachukua wanamuziki watatu wa Adam, yaani Dave Barbarossa wa ngoma, Matthew Ashman wa gitaa na Leigh Gorman wa besi, akaenda kuanzisha nao bendi nyingine. Aliyelipa ada ndiye aliyebaki peke yake.

Watu wa mpakani wanalijua tukio la namna hii: unamwajiri wakala akuonyeshe njia ya soko, naye anaondoka na wateja, dereva na lori. Lakini vitu viwili havikuondoka. Adam alibaki na jina la bendi, na alibaki na somo alilolilipia. Alimtafuta mpiga gitaa Marco Pirroni, wakaanza kutunga pamoja, wakamchukua Kevin Mooney wa besi, kisha wakaajiri wapiga ngoma wawili, Terry Lee Miall na Chris Hughes, aliyejulikana kwa jina la Merrick. Walitaka sauti ile ya Burundi Black itoke kwenye bendi ya roki.

Mali ilikotoka

Turudi nyuma kidogo, hadi kwenye chanzo.

Kwa Kirundi neno ingoma lina maana mbili: ngoma yenyewe na utawala wa mfalme. Sisi wa Kiswahili tunalo neno hilo hilo, tukalipeleka kwenye dansi na sherehe; Warundi wakalipeleka kwenye kiti cha enzi. Ngoma kubwa, zinazochongwa kwenye gogo moja na kuvikwa ngozi ya ng'ombe, zilipigwa mwami anapotawazwa, anapozikwa, na wakati wa Umuganuro, sikukuu ya mtama. Kulikuwa na koo zilizokabidhiwa kazi hiyo. Gishora, karibu na Gitega, mahali panapotajwa pamoja na jina la Mwami Mwezi Gisabo, ni mojawapo ya sehemu zilizotunza ngoma hizo hadi leo.

Kwa aliyewahi kuwaona, mpangilio unaeleweka haraka. Wapigaji wanasimama nusu duara. Katikati iko inkiranya, ngoma inayoongoza, na wapigaji wanapokezana kuiendea wakiruka na kucheza. Ngoma ziitwazo amashakwe zinashika mdundo usiokatika, na ibishikizo zinaifuata inkiranya popote inapokwenda. Fimbo zinapiga ngozi, na zinapiga pia ukingo wa mti, na huo mlio mkavu wa ukingo ndio unaoutambulisha mdundo huu hata ukiusikia kupitia spika mbovu ya basi.

Novemba 1966 Michel Micombero alipindua ufalme na kutangaza jamhuri. Mwaka uliofuata Wafaransa wakafika na mashine za kurekodi kwa niaba ya Ocora, kitengo cha santuri cha redio ya taifa ya Ufaransa. Kwa hiyo waliowarekodi walikuwa wapiga ngoma wa mwami ambaye hakuwepo tena. Santuri ya Musique du Burundi ilitoka mwaka 1968, ikanunuliwa na wasomi, maktaba na wapenzi wachache wa muziki wa mbali.

Mmoja wa walioisikia alikuwa Michel Bernholc, mpangaji muziki wa Paris. Aliuchukua ule ule mdundo uliorekodiwa, akabandika piano na magitaa juu yake, akaupa jina la Burundi Black. Mwaka 1971 ulifika namba 31 kwenye chati ya Uingereza. Msanii aliyeandikwa kwenye santuri alikuwa Burundi Steiphenson Black, jina la kubuni. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada naye akautumia mkanda wa wapiga ngoma wa Burundi katika wimbo wake The Jungle Line, ila yeye aliwataja kwenye jalada.

Kwa njia hiyo, hadi Adam anaupokea mdundo mwaka 1980, ulikuwa umeshapita mikono mitatu au minne: Burundi, redio ya Ufaransa, mpangaji wa Paris, wakala wa London. Kila mkono uliweka faida yake juu, kama inavyokuwa kwa kahawa.

Mwaka wa Sisimizi

Bendi mpya ilisaini na CBS, na Agosti 1980 ikaingia studio ya Rockfield, huko Wales. Hughes, ambaye ndiye aliyekuwa pia mtayarishaji, alirekodi ngoma kwa matabaka, moja juu ya nyingine, mpaka watu wawili wakasikika kama kijiji. Vigonga vya shaba, ambavyo ndivyo vinavyobeba nyimbo nyingi za roki, viliwekwa kando. Kazi ikaachiwa ngoma nene na mlio wa ukingo. Juu yake Pirroni aliweka gitaa zito la mtindo wa filamu za kauboi, na Adam akapiga vigelegele na miito kama kiongozi wa kabila alilolitunga mwenyewe, mchanganyiko wa Wahindi Wekundu wa Marekani, maharamia na askari wa zamani.

Ukiulizwa ununue albamu moja tu ya Adam and the Ants, ni hii: Kings of the Wild Frontier, iliyotoka Novemba 1980. Haijachakaa. Singo ya Dog Eat Dog ilifika namba 4, Antmusic ikafika namba 2 Uingereza na namba 1 Australia. Singo yenye jina la albamu, ambayo mara ya kwanza iliishia namba 48, ilitolewa upya mapema 1981 ikapanda hadi namba 2. Albamu ilishika namba 1 kwa jumla ya wiki 12 na ndiyo iliyouzwa kuliko zote Uingereza mwaka 1981. Mwaka 1982 ikapewa tuzo ya Brit ya albamu bora.

Wale waliokuwa na mali yake ya zamani stoo hawakulala. Decca iliurudisha sokoni wimbo wa Young Parisians, ulioshindwa mwaka 1978, na safari hii ukafika namba 9. Do It Records ikatoa tena singo zake, na Dirk Wears White Sox, ambayo miezi michache kabla haikuwa na mnunuzi nje ya maduka ya panki, ikaingia chati kuu na kufika namba 16. Katika mwaka mmoja Adam alijikuta akishindana sokoni na bidhaa zake mwenyewe zinazouzwa na watu wengine.

Kaseti ya McLaren

Na wale watatu walioondoka? McLaren aliwatafutia mwimbaji, Annabella Lwin, binti mzaliwa wa Burma mwenye umri wa miaka 13 aliyekuwa akifanya kazi ya Jumamosi kwenye duka la dobi. Wakajiita Bow Wow Wow, na Barbarossa naye akaupiga mdundo ule ule wa Burundi. Mdundo mmoja, bendi mbili, soko moja.

Wimbo wao wa kwanza, C·30 C·60 C·90 Go!, uliotolewa na EMI mwaka 1980, ulisifia kurekodi muziki nyumbani kwa kaseti tupu badala ya kununua santuri. Msomaji aliyeuza kaseti za kudurufu Kariakoo, River Road au Bujumbura miaka ile atacheka: kampuni kubwa ya santuri iliuza wimbo unaowafundisha wateja jinsi ya kutoinunua bidhaa yake. Ilikuwa singo ya kwanza duniani kutolewa kwa kaseti, nao mwaka uliofuata wenye kampuni za Uingereza wakaanzisha kampeni ya kusema kurekodi nyumbani kunaua muziki. Wimbo uliishia namba 34.

Bow Wow Wow walikuwa na nguvu jukwaani, pengine kuliko wapinzani wao, na I Want Candy ya mwaka 1982 bado inachezwa. Lakini McLaren alimtumia yule binti vibaya. Picha ya albamu yao ya mwaka 1981 ilimwonyesha bila nguo, akiwa bado mtoto, na mama yake akaenda polisi. Mwaka 1983 wenzake wakamwacha. Biashara iliyoanzia kwa kumpokonya mtu bendi iliishia hapo.

Prince Charming na mwisho

Adam alikuwa juu bado. Mei 1981 Stand and Deliver iliingia namba 1 na kukaa wiki 5. Septemba wimbo wa Prince Charming ukakaa namba 1 kwa wiki 4, ukisaidiwa na filamu fupi ya gharama ambamo alicheza Diana Dors, nyota wa sinema wa zamani. Gary Tibbs alikuwa ameshika besi mahali pa Mooney.

Albamu ya Prince Charming, Novemba 1981, ilifika namba 2. Hapa niseme wazi kwamba ni albamu ya mavazi kuliko muziki. Singo zake ni kali, lakini kati ya singo na singo kuna nyimbo zilizoshonwa haraka ili ziwahi Krismasi. Mdundo wa Burundi umepungua, nafasi yake ikachukuliwa na tarumbeta na maigizo. Mwanzoni mwa 1982 Adam aliivunja bendi. Aliendelea na Pirroni kama mtunzi mwenzake, na Goody Two Shoes, singo yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe, ikawa namba 1 Uingereza na kufika namba 12 Marekani.

Albamu zilizofuata, Friend or Foe ya 1982, Strip ya 1983 na Vive Le Rock ya 1985, zilishuka ngazi moja moja. Kwenye tamasha la Live Aid, Julai 1985, alipewa nafasi ya wimbo mmoja, akauimba ule mpya ambao watu hawakuujua. Miaka ya baadaye aliugua maradhi ya akili, akakamatwa na polisi mwaka 2002, na akayaeleza hayo bila kuficha katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2006. Albamu mpya aliitoa tena mwaka 2013, miaka 18 baada ya iliyotangulia.

Nani alilipwa

Nyimbo za Kings of the Wild Frontier zimeandikishwa kwa majina mawili, Ant na Pirroni. Kila zinapochezwa redioni au kuwekwa kwenye filamu, fedha inakwenda kwa waliotajwa. Kwa sheria hakuna kosa. Adam hakuukata mkanda wa Ocora. Bendi yake iliupiga mdundo kwa mikono yake. Sheria ya hakimiliki inalinda wimbo uliotungwa na sauti iliyorekodiwa, na mdundo peke yake haulindwi. Kama mdundo ungekuwa na mwenyewe, wanamuziki wa rumba Kinshasa wangedaiwa na Wakuba, na Wakuba wakadaiwa na Wakongo.

Sauti iliyorekodiwa ni jambo jingine. Burundi Black ilitumia mkanda wenyewe, na mwaka 1981, mdundo ulipokuwa kila mahali, ikatolewa tena kwa mchanganyo mpya wa disko. Mwaka huo huo Robert Palmer, mhakiki wa New York Times, aliandika kwamba wapiga ngoma walionaswa kwenye mkanda ule hawakuwa na mgawo katika faida hizo. Mkanda ulikuwa mali ya aliyeurekodi. Waliopiga walikuwa watu wa ikulu iliyovunjwa, katika nchi ambayo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007.

Kwangu mimi, tofauti kati ya Adam na Bernholc ni tofauti kati ya mtu aliyeonja pilau ya jirani akaenda kupika yake, na mtu aliyebeba sufuria. Wa kwanza anadaiwa shukrani. Wa pili anadaiwa bei.

Wapiga ngoma wavuka wenyewe

Mdundo ulipokuwa umeshawafanyia wengine soko, wenyewe walifuata. Julai 1982, kwenye tamasha la kwanza la WOMAD huko Shepton Mallet, Uingereza, wapiga ngoma wa Burundi walipanda jukwaani na ngoma zao, na bendi nyingine ya wimbi jipya, Echo & the Bunnymen ya Liverpool, ikapiga wimbo wake wa Zimbo pamoja nao. Tamasha lilipata hasara kubwa, hata bendi ya Genesis ikalazimika kuungana tena kwa usiku mmoja ili kulipa madeni. Lakini Waingereza walikuwa wameona zinakotoka ngoma za redioni mwao. Mwaka 1992 wapiga ngoma hao walitoa albamu yao chini ya Real World, kampuni ya Peter Gabriel, na jina lililo juu ya jalada ni lao.

Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya mwami katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Oktoba 2017 serikali ya Burundi ikatoa amri: vikundi vijiandikishe wizarani, anayetaka kuvialika kwenye sherehe aombe kibali na alipe faranga 500,000 za Burundi, na wanawake wasizipige. Kuhusu ada, angalau sasa kuna mtu dirishani anayeuliza mzigo umetoka wapi na unakwenda wapi, ingawa ada inayolipwa wizarani si lazima imfikie aliyeshika fimbo. Kuhusu wanawake, vilikuwapo vikundi vyao vilivyokuwa vikijipatia riziki kwa ngoma hizo, na amri ile iliwafungia duka.

Adam Ant naye hajaacha kuiuza albamu yake bora. Mwaka 2016 alizunguka Uingereza akiipiga Kings of the Wild Frontier yote, na mwaka uliofuata akaipeleka Marekani. Nyuma yake walikaa wapiga ngoma wawili.